Kiungo cha barua pepe kisome kuanzia kulia
Barua pepe ikikutisha kwamba akaunti yako itafungwa ndani ya saa 24, usibonyeze kiungo kilichomo. Kwenye simu kishikilie kidogo bila kuachia, anwani kamili itatokea. Kwenye kompyuta peleka kishale juu yake tu, usibofye.

Sasa tafuta alama ya / ya kwanza baada ya https://, halafu soma kurudi nyuma. Vipande viwili vya mwisho, vinavyotenganishwa na nukta, kabla ya alama hiyo ndivyo vinavyomtaja mwenye tovuti (kwa .co.tz na .co.ke hesabu vitatu). Kwa hiyo accounts.google.com/ ni ya Google kweli, lakini google.com.ingia-salama.net/ ni ya yeyote aliyesajili ingia-salama.net. Alama ya kufuli nayo isikupumbaze, maana cheti chake hupatikana bure na matapeli wanacho.

Na kama nywila umeshaiingiza? Ingia kwenye akaunti yako kwa kuandika anwani ya tovuti mwenyewe, badilisha nywila, ondoa vifaa vyote usivyovitambua. Wengi huishia hapo, na hapo ndipo wanapoliwa mara ya pili. Ingia kwenye mipangilio, angalia sehemu ya kusambaza barua na ya vichujio (kanuni za kupanga barua zinazoingia): tapeli huweka anwani yake humo kimyakimya, akaendelea kupokea nakala za barua zako hata baada ya nywila kubadilika. Futa usichokiweka wewe. Kagua pia nambari ya simu na barua pepe ya kurejeshea akaunti, kisha washa uthibitishaji wa hatua mbili, yaani uthibitisho wa ziada baada ya nywila.