Namna ya kuwaonyesha vijana wa mtaa Gundam ya mwaka 1979

Mwongozo huu ni wa mtu wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, mwenye televisheni, au anayeweza kuazima, mwenye kiwanja au sebule inayotosha vijana ishirini, na anayetaka kuwaonyesha mfululizo wa katuni za Kijapani uitwao Mobile Suit Gundam tangu sehemu ya kwanza hadi ya mwisho, huku akiwafasiria kwa Kiswahili. Nimeifanya kazi hiyo mara mbili huko Kadutu. Mara ya kwanza nilidhani vijana wanakuja kwa ajili ya roboti, basi nikafasiri kana kwamba natangaza mpira. Kweli roboti ndizo zilizowaleta, lakini waliofika hadi mwisho walibaki kwa ajili ya watoto waliokaa ndani ya roboti hizo, na mimi nilikuwa nimewafunika watoto hao kwa makelele yangu.

Papa na mama wengi wa mji huu walioangalia televisheni ya Kifaransa zamani wanamkumbuka Goldorak, roboti wa katuni za Kijapani aliyeanza kuonyeshwa Ufaransa mwaka 1978. Kabla yake, mwaka 1972, Mazinger Z, roboti mwingine wa katuni za Kijapani, alikuwa ameleta wazo la kijana anayeingia ndani ya roboti na kuiendesha kama dereva. Gundam, iliyoongozwa na Yoshiyuki Tomino na kuanza kurushwa Japani tarehe 7 Aprili 1979, ililichukua wazo hilo na kuliuliza maswali ya maisha ya kila siku. Humo risasi huisha. Mashine huharibika na kuhitaji vipuri. Katika sehemu ya 16 mpishi wa merikebu ya angani anatangaza kwamba chumvi inakaribia kwisha, na merikebu nzima ya vita inakwenda kutafuta ziwa la chumvi. Nilipofasiri maneno hayo, mama mwenye nyumba aliyekuwa akichambua sombe (kisamvu) pembeni aliacha kazi yake, akasogeza kiti.

Kiini cha hadithi ni chepesi kueleza. Amuro Ray ana miaka 15. Mji wake unashambuliwa, wakubwa wengi wanakufa siku ileile, na waliosalia wanakimbilia ndani ya merikebu inayoendeshwa na vijana wasiomaliza mafunzo, chini ya nahodha wa miaka 19. Tangu hapo wanajilinda wenyewe na wakimbizi waliowabeba. Mfululizo ulipangiwa sehemu 52, lakini watazamaji walikuwa wachache mwanzoni na ukakatwa kwenye 43. Baadaye ulipendwa kiasi cha kufupishwa kuwa filamu tatu za sinema, zilizotoka kati ya 1981 na 1982. Ukibanwa na muda unaweza kutumia filamu hizo, ingawa mimi sikushauri, kwa sababu baadhi ya sehemu nitakazozitaja hapa chini hazimo.

Umeme na saa

Tunaishi kando ya Ruzizi, mto wenye mabwawa ya umeme, na bado hakuna anayeweza kukuahidi umeme wa Jumapili alasiri. Panga kana kwamba hautakuwepo. Televisheni ya LED ya inchi 32 hula wati 50 hivi, kompyuta ndogo wati 40, spika ndogo wati 20, yaani jumla kama wati 110. Kwa saa mbili unahitaji takriban wati-saa 220. Betri ya gari au ya sola yenye volti 12 na ampea-saa 100 hubeba wati-saa 1,200, na kwa kuwa betri ya asidi haifai kushushwa chini ya nusu, unabaki na kama 600. Hata ukiondoa zinazopotea kwenye inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani, zinatosha bila wasiwasi. Betri yenyewe iweke nje au karibu na dirisha, mbali na jiko la makaa. Jenereta ni chaguo la mwisho, kwa sababu mlio wake unameza mazungumzo ya chini, na katika hadithi hii mazungumzo ya chini ndiyo yenye uzito.

Onyesha sehemu tatu kila Jumapili. Kila sehemu ina dakika kama 24, basi ukianza saa tisa alasiri, ukaweka mapumziko ya chai na muda wa kuzungumza, vijana watakuwa wamefika kwao kabla ya giza la saa kumi na mbili, jambo ambalo wazazi watakuuliza kabla ya jingine lolote. Jumapili kumi na nne zitamaliza sehemu 42. Ya 43 itabaki peke yake kwa Jumapili ya kumi na tano, nawe usiiunganishe na nyingine yoyote.

Sauti

Hili ni la lazima. Mji wetu umesikia risasi za kweli, na mlio wa mzinga ukitoka kwenye spika kubwa nyuma ya ukuta hauna tofauti na mwingine kwa mtu aliyeko barabarani. Pita kwa majirani wa pande zote siku moja kabla, uwaeleze ni nini kitakachosikika na saa ngapi. Elekeza spika ndani. Punguza sauti ya chini, ile inayotetemesha kifua, na uwaambie vijana mapema: "Sasa kuna mlipuko." Mara ya kwanza sikufanya hivyo. Mlipuko wa kwanza uliposikika, msichana wa miaka kumi na miwili hivi, aliyeketi mstari wa mbele, aliteleza chini ya benchi bila kupiga kelele, mikono ikiwa juu ya kichwa, kama mtu aliyefundishwa. Hakuna aliyemcheka. Tulizima, tukakaa naye nje, na Jumapili iliyofuata alirudi akachagua mwenyewe kiti kilicho karibu na mlango. Tangu hapo kiti hicho hakikaliwi na mtu mwingine.

Kufasiri

Tafuta nakala yenye sauti ya Kijapani na maandishi ya Kifaransa chini. Tazama kila sehemu mara mbili kabla ya Jumapili, ukiwa na daftari. Mara ya pili andika sentensi zako za Kiswahili, kwani ukifasiri papo hapo utakimbilia maneno rahisi na kuwapa watu wote sauti moja.

Neno la kwanza litakalokukwamisha ni colonie. Katika hadithi, wanadamu wamejenga miji mikubwa ya mviringo angani na kuhamishia huko watu waliozidi duniani, na Kifaransa huita miji hiyo colonies. Ukisema "koloni" mbele ya watu wa Kongo, umekwisha kuwapa hukumu: babu zao walikuwa chini ya koloni, basi watasikia Wabelgiji. Mimi husema "mji wa angani". Hata hivyo ujue kwamba Zeon, adui wa hadithi, ni mji wa angani uliojitangazia uhuru dhidi ya serikali ya dunia, na vijana wengi watausimamia upande huo mwanzoni. Waache. Maelezo ya ufunguzi yanasema kwamba katika muda wa mwezi mmoja na kidogo vita hivyo viliua nusu ya wanadamu, na kufikia sehemu ya 12, mmoja wa watawala wa Zeon anapogeuza mazishi ya ndugu yake kuwa hotuba ya kuwasha umati, watakuwa wameanza kubishana wao kwa wao. Ubishi wao una faida kuliko ufafanuzi wako.

Mobile suit, yaani mashine ya vita yenye umbo la mtu, niliiita "roboti" tu, na fimbo ya mwanga "upanga wa moto". Majina ya watu yaache yalivyo. Kwa "mtu wa aina mpya", fundisho la baadaye katika hadithi kuhusu watu wenye hisia kali kuliko wengine, usilitafutie neno la kichawi. Mtu akidhani Amuro ana dawa ya mganga, woga wake hautakuwa na maana tena.

Kisha kuna kunyamaza. Mfasiri aliyezoea filamu za mapigano huogopa ukimya, hujaza kila pengo kwa vichekesho. Katika sehemu ya kwanza Amuro anaingia ndani ya roboti akiwa na kitabu cha maelekezo mkononi, anasoma huku akibonyeza. Anamkata adui wa kwanza kwa upanga, mtambo wa adui unalipuka na kutoboa ukuta wa mji wake mwenyewe, na baba yake mzazi, mhandisi wa roboti ileile, anavutwa na upepo hadi nje angani. Adui wa pili, Amuro anamchoma mahali anapokaa rubani tu, ili mtambo usilipuke. Yaani katika dakika chache mtoto aliyetaka kulinda nyumbani amepabomoa nyumbani, na amejifunza kuua mtu bila kuharibu mashine. Usiseme neno hapo. Nilipojaribu kunyamaza mara ya pili, kijana mmoja wa nyuma alisema taratibu, kama anayemtambua mtu: "Kadogo."

Wakubwa waliokuwepo waligeuka. Tangu vita vya mwaka 1996 neno hilo katika nchi yetu ni jina la mtoto aliyepewa bunduki, na ndiyo maana nashauri mfululizo huu uongozwe na mtu mzima anayeaminika mtaani. Kati ya vijana ishirini huenda mmoja amepitia msituni. Usimwombe yeyote asimulie yake mbele ya wenzake, wala usimtazame mtu fulani unapofasiri. Ongea juu ya Amuro, naye atakayetaka atakufuata baadaye wakati wa kubeba viti.

Baada ya filamu, swali moja latosha. Wakiuliza kama Amuro alifanya vema, waambie sheria inavyosema: sheria yetu ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kumwandikisha jeshini au katika kundi la silaha yeyote aliye chini ya miaka 18, na hukumu ya kwanza kabisa ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ya tarehe 14 Machi 2012, ilimhusu Thomas Lubanga kwa watoto wa chini ya miaka 15 waliotumiwa vitani huko Ituri. Waachie walinganishe wenyewe na umri wa Amuro. Kwa sababu hiyohiyo, wakiomba muendelee na Evangelion, mfululizo mwingine wa katuni za Kijapani wa mwaka 1995, ambayo marubani wake wana miaka 14, subiri. Ni kazi kubwa, lakini huzuni yake ni nzito, nami singeionyesha kwa walio chini ya miaka kumi na sita.

Sehemu za kuandaa kwa uangalifu

Ya 9: Amuro anakataa kwenda vitani na nahodha anampiga kofi. Vijana watacheka, subiri kicheko kiishe.

Ya 13: anarudi kumwona mama yake, na mbele ya macho yake anampiga risasi askari adui. Mama anashtuka, anasema hakumjua mwanawe kuwa wa namna hiyo, na kwamba askari wale nao huenda wana watoto. Fasiri polepole, kwa sauti ya chini, na usimfanye mama mjinga. Kijana mmoja aliniuliza baadaye, "Yaya, ule mama anamukatala mutoto wake?" Tulizungumza hadi chai ikapoa.

Ya 15: askari aliyetoroka jeshi la Zeon anaishi kisiwani na watoto yatima, akiwalinda kwa roboti yake ya zamani. Mwishoni Amuro anaichukua roboti hiyo na kuitupa baharini, akieleza kwamba harufu ya vita iliyomo ndiyo inayowavuta maadui. Wengine huiruka sehemu hii kwa kuwa michoro yake ni dhaifu. Hapa kwetu ndiyo iliyosababisha ukimya mrefu kuliko zote.

Ya 33 inamrudisha baba, akiwa amepungukiwa na akili kwa kukosa hewa. Itazame peke yako kwanza.

Na ya 43. Roboti imekwisha kuharibika, ngome inalipuka, na Amuro anatoka kwa chombo kidogo, akiwaona wenzake wakimngoja gizani. Anasema bado kuna mahali anapoweza kurudi, na kwamba hakuna furaha kuliko hiyo. Utashawishika kusema "nyumbani". Usiseme, kwa kuwa nyumbani kwake kulitoboka sehemu ya kwanza, na vijana wanakumbuka. Sema "mahali pa kurudi", kisha uache picha iendelee hadi majina yote yapite kabla hujawasha taa.