Kidonge cha maji kimezwe asubuhi
Mama yangu mkubwa anaishi Ngamiani, hapa Tanga. Moyo unamsumbua, miguu inavimba, akaandikiwa furosemaidi, kile kidonge cha kutoa maji mwilini. Akawa anakimeza baada ya swala ya isha, maana ndipo anapokumbuka. Usiku anaamka mara nne, mara tano, anapapasa ukuta gizani kwenda choo cha uani. Siku moja akateleza na ndala zilizolowa. Alhamdulillahi, hakuvunjika.

Jamani, kidonge kile huanza kazi ndani ya saa moja na huendelea kwa saa sita hivi. Tulimuuliza daktari, akakihamishia asubuhi baada ya uji. Sasa bi mkubwa analala mpaka adhana ya alfajiri.

Mwili una saa yake. Homoni ya kotisoli hupanda asubuhi, ndiyo maana prednisoloni, dawa inayofanya kazi kama homoni hiyo, ikiwa ni ya mara moja kwa siku humezwa asubuhi, pamoja na chakula. Ini hutengeneza kolestro, yale mafuta ya kwenye damu, zaidi usiku, hivyo simvastatini, dawa ya kuipunguza, humezwa jioni. Pumu nayo hupenda kubana usiku wa manane. Pampu ya kuvuta dawa ikae karibu na mto wa kulalia. Dawa za presha ni tofauti kidogo: utafiti mkubwa wa Uingereza wa mwaka 2022 haukuona faida ya usiku kuliko asubuhi, kwa hiyo wengi wanaweza kuchagua saa wasiyoisahau.

Ukipewa dawa, uliza: "Nimeze saa ngapi, na kwa nini?" Kisha mwandikie mzee juu ya boksi kwa kalamu nene. Na kabla ya Ramadhani nendeni mkaulize mapema, msijipangie wenyewe.