Kibali cha kukusanya data za tasnifu: jinsi ya kukiomba usirudishwe mlangoni

Tasnifu ya uzamili huwa na sura tano, pengine sita, na miongozo ya vyuo inaeleza kila sura ibebe nini. Kuhusu kibali cha kukusanya data, mara nyingi utakuta sentensi moja tu. Ndiyo maana wanafunzi wengi wanakifuata siku mbili kabla ya kupanda basi, kisha wanakaa mkoani wiki nzima wakilipia gesti bila kumhoji mtu hata mmoja. Kibali kinakaa kati ya sura ya tatu, ya mbinu za utafiti, na ya nne, ya matokeo, na kinaombwa kwa yale uliyoandika katika sura ya tatu. Ninaeleza utaratibu wa Tanzania Bara. Zanzibar ina utaratibu wake, na mtafiti asiye Mtanzania anaomba kibali Tume ya Sayansi na Teknolojia, yaani COSTECH.

Kwanza, maliza pendekezo la utafiti, yaani sura tatu za mwanzo. Sura ya kwanza inaeleza tatizo, madhumuni na maswali ya utafiti. Ya pili inapitia maandiko hadi pengo lionekane. Hizo msimamizi wako atazisimamia vizuri. Kwa ajili ya kibali, weka nguvu kwenye sura ya tatu, maana afisa atakayeshika barua yako hatasoma nadharia yako. Atataka kujua unakwenda wapi, utaongea na nani, wangapi, na kuanzia lini hadi lini. Usiandike “baadhi ya walimu wa wilaya hii”. Andika idadi na namna ulivyoipata. Walimu wakiwa 400 nawe umekubali kosa la asilimia 5, kanuni ya Yamane, inayogawa idadi ya watu wote kwa moja jumlisha idadi hiyo mara kosa la kipeo cha pili, inakupa sampuli ya 200: 400 ÷ (1 + 400 × 0.05²). Basi 200 hiyo ionekane kwenye sura ya tatu, kwenye jedwali la sampuli na kwenye idadi ya madodoso utakayochapisha.

Nimelijua hili kwa kurudishwa. Barua yangu ilitaja kata mbili. Dodoso nililoambatanisha lilikuwa na kisanduku cha kata ya tatu, niliyoiongeza usiku mmoja baada ya ushauri wa mwenzangu. Afisa aliweka karatasi mbili sambamba mezani, akagusa jina la kata kwa kalamu, akaniuliza kwa upole, “Na hapa nani kakuruhusu?” Sikuwa na jibu. Nilirudi chuoni kuomba barua nyingine, siku tisa zikapotea.

Pili, omba barua chuoni. Unajaza fomu, msimamizi anasaini, mkuu wa idara anapitisha, kisha inakwenda kurugenzi ya masomo ya uzamili. Barua za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mfano, hunukuu waraka wa serikali wa tarehe 4 Julai 1980 uliompa Makamu Mkuu wa Chuo mamlaka ya kutoa vibali vya utafiti kwa wanafunzi na wafanyakazi wa chuo kwa niaba ya serikali. Barua ikitoka, isome palepale kaunta kabla hujaondoka: jina lako, mada, mikoa, tarehe ya mwisho. Ukiwa na wilaya za mikoa miwili, omba barua mbili, kila moja kwa Katibu Tawala wa mkoa wake.

Utafiti unaogusa wagonjwa, damu au taarifa za afya una mlango mwingine kabla ya huo: kibali cha maadili, kutoka kamati ya chuo chenye mamlaka hayo au Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Huo unachukua muda mrefu. Anza mapema.

Tatu, shuka ngazi. Barua ya chuo inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa. Yeye anakuandikia barua kwenda wilayani, kwa Katibu Tawala wa Wilaya au kwa Mkurugenzi wa Halmashauri. Kama unakwenda shule au zahanati za serikali, kwa Mkurugenzi hukwepi. Kutoka hapo ni afisa elimu au mganga mkuu, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji au mtaa. Usiruke ngazi hata kama mkuu wa shule ni shemeji yako. Atakupokea vizuri, lakini takwimu utakazozipata hivyo utashindwa kuzitetea mbele ya watahini.

Kote huko unaanzia masijala. Peleka nakala mbili: moja wanabaki nayo, nyingine wagonge muhuri wa kupokea wenye tarehe, uondoke nayo. Uliza jina la anayeshughulikia faili, na siku ya kurudi. Muhuri huo ndio utakaokusaidia ukiambiwa barua haionekani. Fika asubuhi, na usipange safari yako Jumatatu wakuu wanapokuwa vikaoni.

Nne, ridhaa. Kibali cha mkurugenzi hakimlazimishi mtu kujibu maswali yako. Tayarisha fomu ya ridhaa kwa Kiswahili chepesi, na kwa walio chini ya miaka 18 mzazi au mlezi aridhie kwanza. Tasnifu yako ikiwa ya Kiingereza, tafsiri dodoso kabla ya kuomba kibali, mtu mwingine alirudishe Kiingereza uone kama maana imebaki. Mama wa kijijini anajibu swali alilolisikia, si lile ulilokusudia.

Data zikishapatikana, barua zote zinaingia kwenye viambatisho pamoja na dodoso la lugha zote mbili. Rudi sura ya tatu ubadilishe njeo: pendekezo lilisema “mtafiti atakusanya”, tasnifu iseme “mtafiti alikusanya”, na idadi iwe ya waliojibu kweli. Kama ulipanga 200 wakajibu 183, andika 183 na sababu. Tarehe ya kibali ikikaribia kuisha kabla hujamaliza, omba nyongeza ya muda kungali mapema, ukiambatanisha nakala ya barua ya kwanza yenye mihuri yake.