Mnazi unaangusha vidaka? Tafuta maji moto

Kama una minazi yako Likoni au Kisauni na kila asubuhi unaokota vidaka, zile nazi changa, vimedondoka vina utomvu utomvu, usikimbilie dawa. Mara nyingi ni kale kadudu ka kahawia kanakonyonya kidaka kikiwa bado kichanga, na mbabe wake ni maji moto, wale chungu wekundu wa kwenye miembe, ukiwagusa tu utajua jina wamelipata wapi.

Mimi nishawahi kuwapiga dawa mwembe mzima sababu walimuuma mtoto, msimu uliofuata embe funza tupu, walinzi nishawaua!

Sasa fanya hivi. Tafuta mti wenye viota vyao, yale majani yaliyoshonwa kama mpira. Ukikaa uangalie utaona mkubwa kamshika mtoto wa kundi lao mdomoni anampitisha jani hadi jani kama sindano, maana uzi anautoa huyo mtoto, mkubwa hana. Ngoja jioni wengi wakiwa wamerudi ndani, jipake jivu mikononi wateleze, kata tawi na kiota chake utumbukize ndani ya gunia, funga haraka. Chukua viota vingi lakini vya ukoo mmoja, coz malkia ni mmoja tu na ukimwacha nyuma kundi litaisha pole pole. Utajuaje ni ukoo mmoja? Toa mmoja mti huu umweke mti ule, wakimkamata wakaanza kumvuta miguu hao hawajuani, usiwachanganye kabisa watauana.

Vifunge kwa mnazi kisha vuta kamba mti hadi mti, hata ya kuanikia nguo, watapita juu bila kushuka chini. Chini ndo kuna shida, kuna wale chungu wadogo wa kahawia wenye vichwa vikubwa, hao wanawafukuza maji moto hadi juu ya mti. Usifyeke majani yote ukaacha udongo mtupu, hapo umewapa uwanja.

Wachina wa machungwa walikuwa wananunua viota vya binamu za hawa tangu mwaka 304 hivi, si uchawi.

Ubaya upo pia, maji moto wanafuga vidukari, vile vidudu vinavyonyonya utomvu wa majani, wawakamue ile asali yao, kwa hivyo majani mengine yatashika masizi, ule ukungu mweusi unaoota penye asali hiyo. Na mkwezi akiwaona atapandisha bei, mwekee jivu karibu na mwambie mapema kabla hajafika juu.