Skrepa ukiwa Mpanda: usiuze yote kwa bei ya chuma

Naokota na kununua skrepa, yaani vyuma chakavu, hapa Mpanda, na wanunuzi wakubwa wako Dar, zaidi ya kilomita 1,000. Umbali huo ndio unaotula, kwa hiyo bei yako anza kuitengeneza uani kwako, kabla ya mizani ya mtu.

Tafuta sumaku; ya spika mbovu inatosha. Ikinata ni chuma, weka kando. Isiponata, kwaruza kwa tupa: wekundu ni shaba, unjano ni brasi, weupe mwepesi ni alumini. Kila kimoja na kiroba chake.

Rejeta ya gari ndiyo iliyonifunza. Niliuza tatu za shaba zikiwa na vyuma vyake vya pembeni, mnunuzi akazipima zote kama mchanganyiko. Siku hizi nakaa na patasi na nyundo, natoa kila boliti, hata ikinila asubuhi nzima. Nyaya menya kwa kisu, usichome: shaba iliyoungua hushushwa daraja, na moshi ule ni sumu kwa watoto wako.

Usipeleke kilo 20 peke yako. Unganeni watu wanne watano, jazeni mzigo, pigieni simu wanunuzi wawili watatu siku hiyohiyo. Lori lililoleta saruji likirudi tupu, dereva hupunguza nauli. Msimu wa mpunga halirudi tupu, subirini. Pimeni kwenu kwanza, andikeni.

Vipande vya reli na nyaya za umeme wa umma usinunue, hata ukiletewa kwa bei ya bure.