Ukitaka kuisoma bahari ya kale, anzia kwenye tope

Wanafunzi huniuliza wasomee nini ili waje kuchunguza joto la bahari la miaka laki moja iliyopita. Shahada ya kwanza ya fani hiyo ni nadra kuiona. Unaingia kwa mlango wa jiolojia, kemia, fizikia au biolojia, kisha unaziba mapengo yako. Mimi niliingia kwa kemia, na pengo langu lilikuwa viumbe wenyewe.

Lilinigharimu. Mwanzoni mwa uzamili nilipewa sampuli za mche wa tope, yaani tope lililong'olewa sakafuni mwa bahari kwa bomba refu, tabaka zake zikiwa zimepangana vilevile. Unaliosha kwenye chekecheke la mikroni 63. Laini linapita, zinabaki chembe kama mchanga mweupe. Ziweke chini ya hadubini: kumbe ni magamba ya foraminifera, viumbe wa seli moja, yenye vyumba vilivyojiviringa na vijitundu vidogo sana. Unalowesha ncha ya brashi nyembamba, unaligusa moja, linanata, unalihamishia kwenye kisahani cheusi. Siku tatu nilichagua hivyo, nikachanganya spishi mbili zinazofanana, moja ya maji ya juu, nyingine ya kina chenye baridi. Mashine ilitoa namba nzuri, na hakuna hata moja iliyofaa. Kwa hiyo chukua kozi ya viumbe hawa mapema, hata kama mapenzi yako yote yako maabara.

Kemia yenyewe haikwepeki. Gamba ni kalsiamu kaboneti, na oksijeni iliyomo ina aina nyepesi, 16, na nzito, 18. Mwaka 1947 Harold Urey, mkemia, alieleza kwamba uwiano wake hufuata joto la maji. Mwaka 1955 Cesare Emiliani, mtu wa jiolojia, akautumia kwenye miche ya bahari kuu akaona vipindi vya baridi na joto vikipokezana. Lakini maji yenye oksijeni nyepesi huvukiza kwa urahisi zaidi, na zama za barafu hunaswa nchi kavu kama barafu, bahari ikabaki na nzito. Mwaka 1967 Nicholas Shackleton, aliyesomea fizikia, akaonyesha kwamba sehemu kubwa ya mabadiliko yale ni barafu, si joto. Watu watatu, milango mitatu, swali moja. Ndiyo maana simwambii mtu abadili fani aliyoipenda.

Hisabati usiipuuze. Mwaka 1976 James Hays, John Imbrie na Shackleton walikuta ndani ya tope midundo ya takribani miaka 100,000, 41,000 na 23,000, inayoendana na mabadiliko ya mzunguko na mhimili wa Dunia. Bila hesabu za kuchambua midundo iliyofichika kwenye namba wasingeiona. Soma takwimu, na lugha moja ya kuandikia programu.

Umri wa tope ndipo wengi huteleza. Kaboni ya mionzi hupungua nusu kila miaka 5,730, na baada ya takriban miaka 50,000 haikusaidii tena. Katika bahari kuu tope hurundikana sentimita chache tu kwa miaka elfu, na minyoo huchimba na kuchanganya tabaka za juu. Sentimita moja yaweza kubeba karne kadhaa. Kabla ya kuamini mchoro wowote, tafuta tarehe zilipimwa kwenye kina gani.

Ukichagua chuo cha uzamili, usihangaike sana na jina lake. Uliza nani ataketi nawe kwenye hadubini, na kama utapimiwa sampuli mwaka huohuo au utasubiri foleni.

Wakati unasubiri majibu, pakua LR04, mkusanyo wa 2005 wa vipimo vya oksijeni ya magamba, wa Lorraine Lisiecki na Maureen Raymo kutoka maeneo 57, unaorudi nyuma miaka milioni 5.3. Uchore mwenyewe. Geuza mhimili wa wima, namba kubwa zikae chini, ili vipindi vya joto vipande juu na vya barafu vishuke.