NAS iliyokwama katikati ya sasisho: namna ya kuinusuru bila ya kupoteza mafaili

Kifaa cha hifadhi ya mtandao, ambacho wengi wetu tunakiita NAS, kikishindwa kumaliza kusasisha programu dhibiti yake, yaani programu ya ndani inayokiendesha, mara nyingi mafaili yaliyomo kwenye diski huwa bado ni mazima. Linaloyapoteza ni papara ya nusu saa ya mwanzo: mtu huchomoa waya wa umeme kifaa kikiwa bado kinaandika, au hukubali kufomati diski kwa sababu hilo ndilo swali lililojitokeza kwenye skrini. Maelezo haya yamekusudiwa afisi, skuli, studio za picha na nyumba za wageni za Unguja na Pemba zenye kifaa kimoja cha diski mbili au nne na zisizokuwa na fundi wa kudumu. Mifano ni ya vifaa vya kampuni ya Synology, na pale panapohitajika, vya kampuni ya QNAP.

Hatua ya kwanza ni kusubiri. Asilimia iliyoganda kwenye kivinjari haithibitishi kwamba kifaa nacho kimeganda, kwa kuwa ukurasa ule hupoteza mawasiliano pale kifaa kinapojizima na kujiwasha, ukabaki na namba ileile hadi utakapoufungua upya. Tazama taa za kifaa chenyewe. Taa za diski zikiwa zinamemeteka bila ya mpangilio, kazi inaendelea, na ni vyema kukipa saa nzima kabla ya kuamua chochote. Ikiwa umeme ndio uliokatika, usiwashe mara tu unaporudi, kwani mara nyingi hurudi ukapanda na kushuka, au ukakatika tena, na adapta nyingi huungulia hapo.

Baada ya kusubiri utakuta moja kati ya hali tatu: kifaa kimelikataa sasisho na kinaendelea na toleo la zamani, au kimewaka lakini hakionekani kwenye mtandao, au hakiwaki kabisa.

Hali ya kwanza ni nyepesi, na mara nyingi chanzo chake ni faili lililopakuliwa nusu. Faili la programu dhibiti lina mamia ya megabaiti, na bando likiisha njiani unaweza kubaki na faili pungufu lenye jina sahihi. Ukiona ujumbe kwamba faili huenda limeharibika, linganisha alama yake ya uhakiki, yaani msururu wa herufi na namba unaokokotolewa kutokana na faili lenyewe, na ile iliyochapishwa na mtengenezaji. Kwenye Windows amri ni certutil -hashfile, ikifuatwa na jina la faili na neno MD5 au SHA256. Herufi moja ikitofautiana, lifute faili na ulipakue upya. Hakikisha pia kwamba ni la modeli yako, kwa sababu DS220+ na DS220j ni vifaa viwili tofauti ingawa majina yanakaribiana. Ikiwa kifaa hakiwezi hata kuwasiliana na seva ya mtengenezaji, angalia tarehe yake: betri ndogo ya saa ikifa, tarehe hurudi miaka ya nyuma na vyeti vya usalama hukataliwa. Toleo la zamani sana nalo hulazimika kupitia matoleo ya kati.

Katika hali ya pili, usidhani kwamba kifaa kimekufa kwa sababu tu anwani uliyoizoea haifunguki. Huenda ruta imekipa anwani nyingine. Kitafute kwa programu ya kompyuta iitwayo Synology Assistant, au kwa Qfinder Pro ikiwa ni QNAP, na ikiwa hakijaonekana, kiunganishe kwa kebo moja kwa moja na kompyuta. Vyote viwili vitajipa anwani zinazoanza na 169.254 na vitaweza kuonana bila ya ruta.

Kikiendelea kujificha, kijaribu bila ya diski. Kizime kwa kubonyeza kitufe cha umeme na kukishikilia, chomoa waya, kisha andika namba kwa kalamu ya wino mzito juu ya kila trei kabla ya kuivuta, kwa sababu diski zikirudishwa nafasi zisizo zao utajiongezea tatizo la pili. Diski zikiwa mkononi, zitazame pini zake kwenye mwanga. Hewa yetu ya chumvi haichagui afisi, iwe Forodhani, Wete au Makunduchi, na si ajabu kukuta vidoa vya kijani au vyeusi pale diski inapoungana na kifaa. Vipanguse taratibu kwa kitambaa kisichotoa nyuzi kilichotiwa spiriti ya isopropili kidogo, usubiri vikauke. Sasa kiwashe kifaa kitupu. Kikitoa mlio na kuonekana kwenye programu ya utafutaji, ujue kifaa chenyewe ni kizima na kasoro iko kwenye mfumo uliohifadhiwa katika diski. Synology huweka nakala ya mfumo kwenye sehemu ndogo ya kila diski ya ndani, mbali na sehemu ya mafaili, na ndiyo maana mfumo huweza kuwekwa upya bila ya kuyagusa mafaili hayo.

Kizime, rudisha diski katika nafasi zake, kiwashe na usubiri kitulie. Kwa ncha ya klipu ya karatasi bonyeza kitufe cha RESET kwa sekunde 4 hivi, hadi usikie mlio mmoja, kisha achia. Kabla ya sekunde 10 kupita, bonyeza tena kwa muda uleule hadi usikie milio mitatu. Taa ya hali ikianza kumemeteka kwa rangi ya chungwa, kitafute tena kifaa na ufuate maelezo ya kuweka mfumo upya, ukikipa faili ulilokwisha kulihakiki, la toleo lilelile au jipya zaidi, kwa sababu kwa kawaida Synology hairuhusu kurudi nyuma. Soma kila sentensi kabla ya kubonyeza. Ukurasa ukisema kwamba data zote kwenye diski zitafutwa, simama hapo hapo. Kwa QNAP, kubonyeza kwa sekunde 3 hurejesha nywila ya msimamizi na mipangilio ya mtandao, na sekunde 10 hufuta mipangilio kwa upana zaidi. Hakuna kati ya hizo inayotengeneza programu dhibiti iliyoharibika, ambayo ina utaratibu wake kwa kila modeli.

Kifaa kisichowaka kabisa kianzie kwenye adapta. Pima volti zake kwa mita, na ukiazima nyingine iwe na volti na ncha zilezile, na ampea zisizopungua. Adapta ikiwa nzima na kifaa bado kimya, diski zake zihamishie kwenye kifaa kingine cha mtengenezaji huyohuyo, kwa kufuata orodha yake ya modeli zinazopokezana. Cha chapa nyingine kitataka kuzifomati. Diski za Synology zinaweza pia kusomwa kwenye kompyuta yenye Linux kwa kutumia mdadm na LVM, zana za Linux za kuunganisha diski kadhaa ziwe hifadhi moja, zikifunguliwa kwa kusoma tu. QNAP nyingi hutumia LVM iliyorekebishwa, kwa hiyo njia hiyo si ya kutegemewa kwao. Ukizichomeka kwenye Windows, itauliza kama iziandae kwa matumizi, na jibu ni hapana.

Kifaa kikirudi, nakili kwanza mafaili muhimu kwenye diski ya nje, kisha ndipo ukague hali ya RAID, yaani mpangilio unaoziunganisha diski zako, na kujaribu sasisho tena. Safari hii kiunganishe na UPS, kifaa cha umeme wa akiba, yenye betri nzima, na usione haya kwenda kutazama yuniti zilizobaki kwenye mita ya Tukuza kabla ya kuanza, maana kifaa hakitofautishi hitilafu ya laini na yuniti zilizokwisha. Wapo wanaoamua kutosasisha tena baada ya mkasa kama huu, uamuzi ambao siuungi mkono. SynoLocker ya mwaka 2014, programu hasidi inayofunga mafaili na kudai fidia, iliingia kwenye Synology zilizobaki na matoleo ya zamani, na nyingine ya aina hiyo, DeadBolt, ilifunga mafaili ya QNAP zilizokuwa wazi kwenye intaneti mwaka 2022. Ikiwa hutaki kifaa kijisasishe chenyewe usiku wakati hakuna mtu, chagua kipokee taarifa tu, na sasisho ulifanye mwenyewe asubuhi, ukiwa umekaa mbele yake.